Aliyemkimbia Doreen

Ndani ya basi la Leeds, bibi mmoja alimkazia macho jirani yake. "Wewe ndiye uliyemkimbia Doreen siku ya harusi!"

"Ilikuwa tamthilia, bibi," alijibu mwigizaji Clive Ormerod.

"Na upuuzi ule aliuandika nani?"

"Mimi pia."

Abiria tukatega masikio. Clive akaeleza kwamba mwenzake aliyemwigiza Doreen aliugua sana, na wakubwa wa kituo cha televisheni wakataka Doreen agongwe na lori. "Ningemwandikiaje kifo mtu anayepigania uhai? Nikaandika aachwe, ahame mji. Heri nichukiwe mimi." Tangu hapo huitwa kuigiza matapeli tu.

"Alipona?"

"Hapana. Lakini kipindi kile alikitazama hospitalini, akacheka hadi wauguzi wakaja."

Bibi akamshika mkono. "Hata hivyo, mwanangu, ungemwoa kwanza."

Basi likasimama. Clive akashuka.