Ufizi wa Mbele

Eliaichi: Haloo? Nani mwenzangu? Hii namba siijui.

Thadei: Ni mimi, Baba Jackline. Nimeazima simu ya dereva mwenzangu. Yangu ukiiona hupokei. Habari za Karatu?

Eliaichi: Nzuri. Sema.

Thadei: Niko huku Ngorongoro na wageni, mtandao unakata— Nasikia umerudi kwa daktari wa meno. Si ulishawekewa jino la kupandikiza?

Eliaichi: Jino lipo. Ufizi ndio umepanda juu. Nikicheka, chuma kilichoshikilia jino kinaonekana. Pale kazini, mapokezi ya loji, nimeshazoea kuongea nimeziba mdomo.

Thadei: Sasa wanafanyaje?

Eliaichi: Wanashonea nyama. Kuna ya kukata kwenye kaakaa langu mwenyewe, halafu kuna ya ngozi ya ng'ombe, imesafishwa kiwandani. Niko kwenye benchi hapa nasubiri kuitwa.

Thadei: Chukua hiyo ya ng'ombe. Usiumizwe tena.

Eliaichi: Tena?

Thadei: Namaanisha—

Eliaichi: Daktari anasema ufizi wangu ni mwembamba mno, ya kwangu itashika vizuri zaidi. Nitakuwa na vidonda viwili. Nitakunywa uji uliopoa tu.

Thadei: Nikirudi nije nikupikie—

Eliaichi: Usije.

Thadei: Haloo? Unakatika.

Eliaichi: Nimesema usije.

Thadei: Sawa. Ila... daktari hajauliza jino lilitokaje?

Eliaichi: Kumbe ndicho ulichopigia.

Thadei: Hapana, nauliza tu. Si tulikubaliana, uliteleza bafuni—

Eliaichi: Ulikubali wewe. Mimi nilikuwa na pamba mdomoni.

Thadei: Eli, mimi ni mzee wa kanisa. Kazini nako wakisikia—

Eliaichi: Mama mchungaji amekaa hapa pembeni yangu. Nilimweleza daktari yeye akisikia.

Thadei: Ulimweleza nini?

Eliaichi: Ngumi. Na ni ya nani. Jana mama mchungaji akanipeleka polisi, dawati la jinsia. Wameandika.

Thadei: Ungenisubiri tuongee kwanza. Jackline akija kujua baba yake—

Eliaichi: Jackline alikuwa mlangoni, Thadei.

Thadei: ...Mlangoni?

Eliaichi: Ndiye aliyeliokota jino.

Thadei: Hakuwahi kuniambia.

Eliaichi: Angekuambia wewe? Haya, naitwa.

Thadei: Subiri kidogo, Mama Jackline, nisikilize—

Eliaichi: Nikitoka humo sitaongea siku kadhaa. Niliyokuwa nayo nimeshayasema.

Thadei: Haloo? Eli? ...Haloo?