Mwalimu Casimir Wilondja na Chombo Kilichofuatwa na Mafuta

Mwalimu Casimir Wilondja alizaliwa Nundu tarehe 14 Machi 1955. Alisoma shule ya msingi hapo kwao, sekondari Fizi, kisha fizikia Bukavu. Tangu mwaka 1980 alifundisha Baraka, na mwaka 1983 alimwoa Georgette Apendeki.

Alipenda somo la vyombo vya angani: jinsi chombo kinavyoweza kuruka kikiwa chepesi, kisha kikarushiwa mafuta kutoka chini kingali safarini. Siku moja alimweleza shemeji yake Albert, mwenye boti. Kwa Albert chombo ni cha ziwani tu. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Sasa shemeji, kule katikati nani anauzisha esansi?"

Georgette alicheka hadi machozi. Casimir hakucheka. "Inatumwa na chombo ingine. Byote bibili bikitembea mbio moja, ni kama bimesimama."

Agosti 1998 vita vilirudi. Askari walioshika ufuo walitangaza kwamba atakayekutwa na mabidoni ya esansi, yaani madumu ya petroli, atapigwa risasi kama mtoro. Albert akaja kuulizia kile chombo cha angani, safari hii bila mzaha. Wakapatana: Albert angetoka Baraka na Georgette na watoto, kama waendao kilioni Ubwari, na mafuta ya kufika huko tu. Casimir angetoka Nundu kwa boti nyingine, esansi ikiwa chini ya nyavu, awape ziwani mafuta ya kuvukia hadi Kigoma.

Ng'ambo ya Ubwari mashine ya Albert ilianza kukohoa kwa kuishiwa mafuta, na boti ya askari ilisikika nyuma. Georgette aliwabana watoto, Élie na Tania, magotini. Casimir alipowafikia, Albert alitaka kusimama.

"Usizime," alisema Casimir. "Tembea vile natembea."

Bidoni la kwanza lilitumbukia majini. La pili Georgette alilipokea. Alimwomba mumewe arukie boti yao. Casimir alikataa: askari wakikuta boti tupu, wangewafuata wao. Akageuza boti kuwaelekea askari. Mashine ya askari ikanyamaza pale alipokuwa. Georgette aliziba vinywa vya watoto, na midomo yake mwenyewe akaiuma.

Casimir hakukutwa na esansi, lakini alifungwa, akapigwa. Hata alipoachiwa, kifua hakikupona tena. Georgette alirudi kutoka Kigoma kumuuguza. Kila mashine iliponguruma barabarani, mgonjwa alimshika mkono: "Batoto bamevuka?" Georgette alimjibu kila mara kwamba wamevuka. Casimir alifariki Nundu tarehe 9 Februari 2001.

Ameacha mjane, Georgette; watoto, Élie na Tania, walioko Kigoma; na shemeji yake Albert. Tunamzika mapema na kwa sauti ya chini, maana barabara bado inatisha. Apumzike kwa amani, mahali ambapo hakuna anayekimbia.