Ghislaine Perrachon na Makasha Tisa Yaliyobaki

Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, baada ya miaka thelathini na minne, Ghislaine Perrachon atakabidhi funguo za chumba chetu cha nyaraka hapa Besançon. Mkurugenzi ameniomba ukurasa mmoja wa kuchangamsha. Nitajaribu, ila asinilaumu.

Alipoajiriwa alikuta makasha arobaini na moja ya madaftari ya mwanafalsafa wetu, Aurélien Castagnier, na hakuna aliyeweza kuyasoma. Mwandiko ule, jamani, ni kuku kaparura! Alikaa nao miaka miwili bila kutoa hata ukurasa. Siku moja akatoka chumbani anacheka: "Nimempata huyu mzee!" Tangu hapo juzuu saba zimechapishwa, na kila mtaalamu anayejipiga kifua kuhusu Castagnier, Lyon hadi Montréal, anakula jasho la mama huyu.

Kazi yetu ni ya wawili. Yeye husoma kwa sauti, mimi naandika, na kila alama hutajwa: koma, nukta, amefuta, amerudia. Siku moja sokoni aliagiza, "Nusu kilo ya jibini la Comté, koma, na siagi, nukta." Muuza jibini humwita Bi Nukta mpaka leo.

Amenifundisha kusoma mwandiko ule miaka kumi na mmoja. Nimeshindwa, na sisemi hivyo kwa unyenyekevu. "Masikio unayo, kijana wangu, macho ndiyo hukupewa," aliniambia, nami nina miaka hamsini na tatu. Kisha macho yake mwenyewe yakaanza kufifia. Tuliomba mtu wa kumrithi mapema. Tukajibiwa kwamba nafasi yake itafutwa.

Yamebaki makasha tisa, ya miaka ya mwisho ya Castagnier. Wataalamu wanagombana: je, mzee aliikana fikra yake kuu, kwamba wazo likishaandikwa halifi, ni mali ya yeyote atakayekuja? Kila kongamano wanararuana, kwa adabu na tanbihi ndefu. Ghislaine huguna tu: "Yeyote atakayekuja! Si angeandika vizuri basi."

Jumanne ya wiki iliyopita tuliruka mengine yote, tukafungua daftari la mwisho kabisa. Alisoma kwa kioo cha kukuzia, pua ikigusa karatasi. Ukurasa wa kumi na nne akasoma: "Nilikosea, koma, kwa sababu..." Akakisogeza kioo, akakirudisha. Nikangoja, kalamu mkononi.

"Thibaud, mwanangu, hebu washa taa."

Taa ilikuwa inawaka tangu asubuhi.

Kila siku tangu hapo naukodolea macho ukurasa ule. Naona mikwaruzo tu. Inaniuma sana, wala sitaificha ili sherehe ipendeze.

Divai na jibini vitakuwepo saa kumi na moja jioni. Njooni wote, mcheke naye, maana kucheka anakujua kuliko sisi.

Ghislaine, asante kwa kila neno ulilotutolea kwenye giza lile. Nenda kwa dada yako kule Pontarlier, ule ushibe, usikilize redio yako, na siku zako ziwe ndefu na tulivu. Usituwazie. Daftari nimeliacha wazi mezani, palepale ulipokomea.