Bao la Isaïe

Asubuhi hiyo, kwenye benchi ya Mama Ursule, muuza kahawa wa mtaa wa Mangobo, ubishi uliiva kabla ya kahawa. Jana, kwenye televisheni, arbitre, yaani refa, alikwenda kutazama video, akarudi, akafuta bao. Leo kila mtu alikuwa profesa. Papa Nephtali alikaa pembeni kabisa. Walimwita Filimbi, kwa kuwa alichezesha mechi za Kisangani miaka ishirini na miwili. Tangu mke wake afariki, hapo tu ndipo mtu alipomsalimia "mbote".

— Video iko muzuri, akasema Docteur, muuza dawa ambaye udaktari hakuusomea. Haraka haraka haina baraka, njo maana machine inashinda macho.

— Macho gani? akadakia Ministre, fundi wa baiskeli. Banaweka kitu ndani ya mupira, ndani ya ballon. Ikipita ligne ya goli, saa ya arbitre inalia: tii!

— Saa inajua namna gani? akauliza Docteur.

— Satellite, mon cher! Inaona mpaka chupi yako.

— Na mvua ya huku? Itaona mawingu tu. Bora tupime ballon kwa kilo. Ile imeingia inakuwaka nzito, sababu inabeba furaha ya watu!

Wakacheka. Nephtali naye akacheka, amechelewa kidogo.

— Filimbi, akasema Docteur, ungekuwa na video ile siku ya Isaïe, hein?

Kicheko kikakatika. Wote waliijua fainali ile ya miaka kumi na tisa iliyopita. Mvua ilimwagika. Isaïe, mvuvi wa kule maporomokoni, akapiga shuti. Mpira ukagonga mwamba wa juu wa goli, ukadunda chini, ukatoka. Nephtali akatikisa mkono: hapana, si bao. Timu ya Isaïe ikafungwa, na mtu aliyetoka Kinshasa kutafuta wachezaji akaondoka bila kuandika jina la Isaïe. Nephtali na Isaïe walikuwa marafiki, walikula samaki pamoja kila Jumapili. Hawakusemezana tena. Isaïe alipokufa, mwezi wa tatu, Nephtali hakuthubutu kwenda kilioni.

Mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama akingoja kahawa akageuka.

— Papa arbitre njo weye? Mi ni Wivine, mutoto ya Isaïe.

Nephtali akainuka, kofia mkononi.

— Papa alisema ile ballon iliingia, mpaka siku ya kufa kwake. Iliingia ao haikuingia?

  Satellite na kilo hazikutajwa tena.

— Sijue, mwanangu, akasema Nephtali. Maji ya mvua ilijaa kwa macho. Sikuona kitu. Watu wote banangoja, nikaona haya kusema sikuona.

Neno hilo hakuwahi kulitamka, hata kwa mke wake.

Wivine akapokea kikombe chake kwa Mama Ursule.

— Ungemwambia vile tu, papa. Yeye alizania uliona imeingia, ukakataa.

Akainywa kahawa yake akiwa amesimama, akarudisha kikombe, akaenda zake.

Miaka yote Nephtali alikuwa amejiandaa kutukanwa. Kwa hili hakujiandaa. Docteur alitafuta methali, akaikosa. Mama Ursule akainamisha birika: limekauka.

— Bon, kazi, akasema Ministre.

Wakaondoka mmoja mmoja. Nephtali alibaki amesimama, akitazama upande alikopita yule binti, mpaka Ursule akamwomba ampishe aingize benchi ndani.