Mama Edah Nasike na Barua Zisizo na Mwenyewe

Wazee wetu, wachungaji, majirani wa Misikhu na wageni mliotoka Kitale na Bungoma, mimi ni Fridah, kifungua mimba wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, nami nimeyaandika kwa mkono wangu, kwa hiyo kama kuna neno litakalomuuma mtu hapa, asimlaumu mchungaji wala kamati ya mazishi, anilaumu mimi.

Mama Edah Nasike Wepukhulu alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 hapa Misikhu, mtoto wa nne kati ya saba, babake akiwa mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi cha Webuye, mtu aliyerudi nyumbani na mabaki ya karatasi ili watoto wajifunzie kuandika. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kijijini hadi mwaka 1981, akamaliza kidato cha nne mwaka 1985, na Kiingereza ndicho alichokiweza kuliko dada na kaka zake wote, kisha akaenda Kitale kusomea uhazili, akahitimu Novemba 1987, akiweza kupiga chapa bila kutazama vidole.

Mwezi wa Februari 1988 aliajiriwa kuwa karani wa shule moja ya wasichana ya bweni nje ya Kitale, shule ambayo sitaitaja, kwa sababu kosa halikuwa la shule. Tarehe 8 Disemba 1990 alifunga ndoa na baba yetu, Wepukhulu, fundi wa magari, na Mungu akawajalia watoto watatu, mimi mwaka 1991, Derrick mwaka 1994, na Peris mwaka 1998. Baba alitutoka mwaka 2004, mama akabaki na sisi katika nyumba ya wafanyakazi pale shuleni, vyumba viwili na shamba dogo la sukuma wiki.

Mwaka 2006 alikuja mwalimu mkuu mpya, Bwana Kizito Barasa, na kuanzia hapo barua za ofisi zilibadilika. Mama alitueleza tukiwa jikoni kwamba Kiingereza kina maneno kama "It is required" na "You are expected", yanayokuamuru ufanye jambo bila kusema anayeamuru ni nani, na kwamba maneno hayo hayana ubaya yakiwa kwenye kibao cha usalama barabarani, lakini Bwana Barasa aliyapenda kupita kiasi. Ilihitajika wanafunzi walime mahindi kila Jumamosi, ilitarajiwa walimu wasiulize, ilipendekezwa wazazi wasije shuleni bila kuitwa, na mahindi yenyewe yalikuwa ya Bwana Barasa, katika shamba lake la Saboti.

Mwezi wa Juni 2009 mkaguzi wa elimu alipotembelea shule, msichana wa kidato cha tatu aitwaye Jepkorir, kutoka Kapsokwony, alisimama mbele ya darasa akamwambia wazi kwamba Jumamosi wanalima kwa mwalimu mkuu. Mkaguzi alipoondoka, Bwana Barasa alimwita mama amwandikie babake Jepkorir barua, akamsomea kwa Kiingereza kwamba imeonekana ni lazima binti huyo aondolewe shuleni.

Mama akamuuliza, "Imeonekana na nani, mwalimu?"

"Wewe mama, piga tu. Hiyo ndio Kiingereza ya ofisi. Ukiweka jina la mtu, si itakuwa ati mimi ndio nimemfukuza?"

"Kwani si wewe?"

Akamwambia atoke na barua iwe mezani kabla ya chakula cha mchana. Ilikuwa mezani kabla ya chakula cha mchana, ndani ya faili la barua nyingine kumi na mbili, na Bwana Barasa, ambaye hakuwa na mazoea ya kusoma anachotia sahihi, alizitia sahihi zote. Barua iliyofika Kapsokwony ilisema hivi: Mimi, Kizito Barasa, nimemfukuza binti yako kwa sababu alimwambia mkaguzi kwamba ninawalimisha wanafunzi shamba langu.

Babake Jepkorir alipanda nayo pikipiki hadi ofisi ya elimu, na kwa wiki moja Kitale haikuzungumza jambo lingine. Msichana alirudishwa darasani, akamaliza masomo, na leo ni afisa wa kilimo. Bwana Barasa alionywa kwa maneno, akaomba radhi kwa maneno, akabaki kwenye kiti chake.

Tarehe 3 Agosti 2009 mama naye alipata barua, iliyosema kwa Kiingereza kwamba anatakiwa kukabidhi funguo za ofisi na kuhama nyumba ya shule ndani ya siku saba. Haikuwa na jina la aliyeamua, ilikuwa na muhuri wa bodi tu. Mama alilivaa koti lake la kijani, akazunguka nyumbani kwa wanabodi mmoja mmoja, watu watano, akimuuliza kila mmoja kama ni yeye aliyemfukuza. Mzee Mbugua alimjibu, "Mama Fridah, mimi nilikuwa tu kwenye mkutano, hiyo ni bodi." Mwingine akasema ilikuwa imeshaandikwa alipofika. Wa tano hakufungua lango. Miaka ishirini na moja ya kazi ilikwisha namna hiyo, haikukwisha kwa mkono wa mtu hata mmoja, na sisi tukahamia chumba kimoja katika mtaa wa Matisi, nami, niliyekuwa mwanafunzi wa shule ile ile, nikaufanya mtihani wangu wa kidato cha nne nikitembea kila asubuhi kutoka huko, na Bwana Barasa akisimama langoni akinitazama nikiingia, bila kunisalimia.

Mwaka 2010 tulihamia Bungoma, ambako Bi Pallavi, mwenye duka la vitabu na karatasi, alimpa mama kona, meza na kompyuta kuukuu, na mama akaanza kazi ya kuandikia watu barua za kujibu. Mwenye kibanda akiambiwa inatakiwa kibomolewe, mjane akiambiwa inapendekezwa aondoke kwenye shamba, mama alimwandikia barua fupi yenye swali moja, afisa aliyeamua anaitwa nani. Barua hizo ziliogopwa kuliko mawakili, na vibanda vingi mnavyoviona sokoni vimesimama kwa sababu hakuna aliyetaka jina lake liandikwe hapo.

Mwaka 2017, mwezi wa Septemba, aliyeingia dukani alikuwa Bwana Barasa, mkononi akiwa na barua iliyosema imependekezwa astaafu mapema.

"Mama Fridah," akasema, "yaliyopita si yamepita, bana? Nisaidie na majibu."

"Keti, mwalimu," mama akamwambia, akamwagizia hata chai.

Akamwandikia kurasa mbili za Kiingereza kitamu ambacho mfano wake sijausoma tena, kwamba inaombwa kwa unyenyekevu jambo hili litazamwe, kwamba inatarajiwa hatua zitachukuliwa, kwamba ingependeza kama ingewezekana, na katika kurasa hizo mbili hakuna mtu aliyeulizwa jambo, wala aliyeombwa afanye jambo. Bwana Barasa akaisoma barua hiyo neno kwa neno, akasema hiyo sasa ndiyo Kiingereza, akatia sahihi. Barua ilipokelewa, ikawekwa kwenye faili, na hadi anafungasha vitabu vyake hakujibiwa. Mama alitusimulia hayo akicheka hadi akajipangusa macho na leso, na mchungaji alipomwambia kisasi ni cha Bwana, alimjibu kwamba yeye aliandika barua tu.

Mwaka 2022 aligunduliwa ana ugonjwa wa sukari, baadaye figo zikadhoofika, na tangu Januari mwaka jana alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, lakini hakuacha meza yake hadi Pasaka ya mwaka huu wa 2025. Alifariki Jumapili tarehe 11 Mei, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Peris, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Ameacha watoto watatu na wajukuu wanne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Bi Pallavi aliyefunga duka siku tatu, majirani wa Matisi waliotupokea tukiwa na magodoro kichwani, na wenye vibanda wa Bungoma waliokuja na malori mawili.

Limebaki jambo moja. Kwenye programu mliyo nayo, namba tisa inasema kutakuwa na salamu kutoka kwa aliyekuwa mwajiri, na nikiuliza ni nani aliyeipanga naambiwa ilionekana vyema. Bwana Barasa, nakuona hapo safu ya pili, chini ya hema letu. Chakula utapewa, maana hatumnyimi mtu chakula msibani. Kipaza sauti hutapewa, na ninayekunyima ni mimi, Fridah Wepukhulu, binti yake.

Mama, pumzika wewe kwa amani. Mimi bado.