Bibi ya Coach Mwenye Hakufikaka ku Terrain

Bamama yangu, na ninyi ba baba wawili benye munajificha kule karibu na mulango, ninabasalimia bote. Présidente ya shirika yetu aliniambia: leo ni zamu yako, utasimama useme. Nikamujibu: mimi nazoea kupandisha sauti ku soko tu, kuita batu banunue mboga yangu, poireaux. Asema: ile sauti njo tunataka. Basi niko hapa. Nikilia katikati, muningoje kidogo, nitaendelea.

Jina ya équipe ya mupira sitaitaja, na jina ya mutu sitaitaja. Butembo ni ndogo, munajua bote.

Bwana yangu ni mwalimu ya mathématiques. Anatoka mbali, upande ya Kisangani. État, ni kusema serikali, njo ilimutuma huku. Siku alikuya kuniomba kwetu Kipese, mama yangu alinivuta jikoni, akaniambia pole pole: «Mutoto yangu, mutu ya État hana mizizi. Siku bakimuhamisha, anabeba valise yake, weye unabakia na batoto.» Mimi nilikataa kumusikia. Tukafunga ndoa ku kanisa, tukapata batoto, tukaishi muzuri kabisa. Yeye na masomo yake, mimi na soko yangu.

Ile mwaka équipe yetu ilikuwa kama nyumba yenye haina baba. Coach wa zamani alikimbia, hata kuaga hakuaga. Wachezaji bamoja ni batoto ya hapa. Bengine balikimbia na familia zabo kutoka vijiji ya upande ya Beni. Banalala chini ku salon ya bajomba, banafika ku entraînement na njaa. Batu ya comité bakatafuta mutu ya kubeba ule muzigo, kila mutu anakataa. Njo bakakumbuka mwalimu mumoja, mwenye batoto yake ya masomo bachezaka muzuri.

Balikuya kwetu siku ya Mungu, kisha misa. Nikabapa chai. Balipoenda, nikamuambia bwana yangu: «Kataa.»

«Juu ya nini?»

«Juu bale benye bamekataa mbele yako, biko na akili.»

Akacheka. Ndugu zangu, ninabaambia, ule mutu alikuwa na uso ya mutoto mwenye bamemupa viatu mupya. Mimi nilikuwa nawaza batu batasema nini. Yeye alikuwa ameshaanza kuniuliza amuweke nani ku gauche, upande ya kushoto.

Mwanzo haikuwa mubaya. Tulipoteza, lakini tulipoteza kidogo. Kila akirudi ku terrain, mbele hata avue viatu, anachukua vikombe ya chai anavipanga juu ya meza. «Ona, mama batoto. Huyu ni gardien, analinda goli. Huyu ni défenseur yetu. Sasa ona kosa yao iko wapi: huyu anapanda, huyu habakie.» Anasukuma vikombe, anaeleza. Mimi ninasafisha majani ya sombe, ninasema «eee», ninasema «kweli?» Ukweli, ndugu zangu, sikuwa najua kitu. Mais alikuwa anaonekana kuridhika. Kisha kueleza, anakula na hamu.

Halafu équipe moja ya Beni ikakuya hapa kwetu, ikatufunga mabao mpaka batu bakaacha kuhesabu. Kutoka siku ile, mambo ikageuka. Batu balimufuata bwana yangu mu barabara, banaimba: «Arudi kwabo! Arudi kwabo!» Asubuhi nikakuta matope imepigwa ku mulango yetu. Kijana mumoja, mi najua mama yake, tunaombaka naye, alisimama mbele ya nyumba asema: mugeni amekuya kuua équipe yetu.

Bwana yangu akachukua maji na ufagio, akasafisha mulango mwenyewe. Akavaa veste yake, akaenda kufundisha.

Mimi njo nilishindwa. Ku soko, mama mumoja alishika poireau yangu, akaipindua mbele ya batu, asema: «Poireau ya bibi ya coach ni kama défense ya bwana yake. Unaigusa kidogo, inafunguka yote!» Soko nzima ikacheka. Hata mimi nilijilazimisha kucheka. Mais nilirudi na ile neno ndani ya kifua, na kila siku ilikuwa inaongeza uzito.

Sasa musikie vizuri, juu hapa njo nilianguka.

Magaribi moja bwana yangu anaingia. Balikuwa bamepoteza tena. Amelowa, koti inatoa maji. Batoto banasoma. Anachukua vikombe, anaanza kuvipanga. «Mama batoto, leo tulikuwa karibu sana. Ona, huyu numéro six...»

Nikanyanyua vikombe moja moja, nikavirudisha ku étagère. Nikamuambia: «Hivi vikombe ni ya kunywea chai. Na hii ni nyumba, haiko terrain. Haya ya équipe yako, ubakie nayo kule kule.»

Akaniangalia. Hakukasirika. Angalikasirika, ingekuwa afazali. Akasema tu: «Sawa.»

Kutoka ile siku hakunieleza tena. Anaingia, anauliza batoto kama balisoma, anakula kidogo, analala. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi! Nilisema: sasa nyumba imepata amani. Sikujua ni kitu gani nimefukuza.

Lakini ile amani haikunisaidia. Nikaanza kusema niko na kichwa, sitaenda ku soko. Kisha nikaacha shirika. Ninyi bamama mulikuya kuniona, munakumbuka, nilituma mutoto abaambie nimelala. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nyuma ya rideau ya dirisha, ninabaangalia munaenda. Mwisho nikakusanya nguo, nikachukua batoto, nikapanda kwetu Kipese. Nilimuambia bwana yangu naenda kumusaidia mama kuvuna viazi. Alitusindikiza mpaka ku gari. Alibeba mutoto mudogo ku mabega. Hakuniuliza tutarudi siku gani, na mimi sikusema.

Mama yangu alinipokea na neno moja: «Nilikuambia.» Hakuna siku alinituma nirudi. Kwake, ile mambo ilikuwa imeisha.

Kipese munaijua baridi yake. Asubuhi ukungu inafunika mashamba, unachimba viazi bila kuona mwenzako. Nilikuwa nachimba, ninasirika peke yangu. Ninamusirikia bwana yangu, ninabasirikia batu ya Butembo, ninamusirikia hata ule mwenye alitengeneza mupira ya kwanza.

Siku moja, mvua inanyesha, nasikia moto, ni kusema pikipiki, inalia chini ya kilima. Inazimika, inawaka, inazimika. Kisha ninaona bijana wawili banaisukuma, matope mpaka ku mapaja. Ni capitaine ya équipe na gardien. Nikafikiri: ah, bwana yangu amebatuma. Nikatengeneza majibu mu kichwa.

Capitaine ni mutoto ya kule Beni, familia yake ilikimbia vita. Ni mutoto ya heshima sana. Hakutaka kukaa mpaka mama yangu amukaribishe. Nikamuuliza: «Coach njo amekutuma?»

«Hapana, mama. Coach hajui kama tuko hapa. Akijua atatufanyisha mbio mpaka tutapike.»

«Sasa munataka nini?»

Gardien akainamisha kichwa. Capitaine akasema: «Mama, juzi kisha entraînement nilisahau kikoba yangu ku terrain. Nikarudi. Nikamukuta coach amekaa ku banc ya bachezaji, peke yake. Amepanga majiwe mbele yake, anaeleza. Anasema: huyu anapanda, huyu habakie. Nikazani kuko mutu. Hakukuwa mutu, mama. Nikamuuliza: coach, unasema na nani? Akashituka. Kisha akacheka kidogo, asema: nasema na mama batoto.»

Muningoje kidogo, bamama.

Bon. Capitaine akaendelea: «Mama, kupoteza match, tumezoea. Hata tukishuka division, Mungu iko. Mais siye bengine tulikuya huku bila baba. Huyu njo anatuuliza kama tumekula. Huyu njo alienda kumulilia mujomba yangu asinifukuze. Sasa tunaona anatupotea mu macho, na hatujui dawa. Tukasema tukuye tukuone.»

Mama yangu akabapikia viazi na maharagi, bakakula kama batu benye balitoka ku jela. Bakarudi. Mimi sikuenda nabo. Nilienda nyuma ya nyumba, nikalia mpaka shingo ikaniuma. Ile jina yangu, alikuwa anaiita ku banc, mu mvua, mbele ya majiwe! Na mimi niko hapa ninachimba viazi yenye haiwezi kukosa mikono ya kuivuna.

Kesho yake nikashuka na batoto. Mama yangu alisirika, hakunisindikiza.

Nilifikiri nikifika atanikumbatia, tutalia, itaisha. Alikuwa anasahihisha makaratasi ya banafunzi. Akasimama, akasema: «Mumefika? Batoto balikula mu njia?» Nikapika. Alipokula, nikajikaza, nikauliza: «Match ya juzi, ilienda aje?»

«Ilienda.»

Basi. Nikangoja neno ya pili, haikuya.

Njo nikasema: kama haniambie, nitaenda kuona mwenyewe. Tangu anaanza ile kazi, sikukanyaga ku terrain hata mara moja! Nikaenda. Nikakaa katikati ya bale bale benye balikuwa banatukana. Banasema maneno, mi nasikia. Mama mumoja alinitambua, akamupiga mwenzake mukono: «Nyamaza, bibi yake ni huyu.» Nikamuambia: «Hapana, aseme tu. Mimi nilisema mubaya kumupita.»

Na nikamuona. Amesimama na ile veste ya masomo, mvua inamupiga, anapiga makofi kwa mutoto mwenye alikosa bao. Ule mutoto amekosa, yeye anamupigia makofi! Nikafikiri: ule mutu, wakati anarudi ku nyumba, nani alikuwa anamupigia yeye?

Match ya mwisho tulicheza kule Beni. Tulikuwa tunahitaji hata sare tu, kusudi tusishuke. Niliingia mu bus pamoja na batoto. Ile barabara ya vita munaijua: kila mutu anaomba kimya, hakuna mwenye anaimba mpaka mufike. Kule, mama ya capitaine alikuwa amerudia mu muji. Alisimama ku mupaka ya terrain na kitenge yake ya siku kubwa, analia hata mbele match ianze.

Balitufunga mapema. Kisha capitaine akarudisha na kichwa, mbele ya mama yake. Kutoka pale ilikuwa mateso. Bale ba Beni banakuya, banakuya. Gardien wetu aliruka mpaka nikazani ameumia mugongo. Arbitre alipopiga filimbi ya mwisho, bao moja kwa bao moja, nilijikuta mu matope katikati ya bachezaji, kitambaa yangu ya kichwa sijui ilienda wapi. Hatukushuka!

Bwana yangu hakuruka na furaha. Alikuwa amekaa ku banc, mikono juu ya magoti. Nikamukimbilia. Akainua macho.

«Umeona?»

«Nimeona yote!»

Akatikisa kichwa pole pole. Asema: «Basi sina tena kitu ya kukueleza.»

Hakusema na hasira. Alisema kama mutu mwenye amechoka. Batu banaimba kandokando yetu, na mimi nimesimama pale, ninajua ni kitu gani nilipoteza.

Ndugu zangu, kulikuwa match nyingi kutoka siku ile. Équipe inaenda muzuri kidogo. Bale benye balipiga matope ku mulango, leo banamuita «papa coach». Batoto ya équipe banakulaka kwangu. Nimerudia ku soko, nimerudia hapa kwenu. Batu banasema: umepona. Ni kweli, nilipona. Mais saa ingine ninasikia anaeleza jirani match nzima inje, ku lupango, anacheka, anainua mikono. Anaingia ndani, ninauliza, anasema: «Ilienda muzuri.» Yeye njo mwalimu, mais ile somo ya kunyamaza ni mimi nilimufundisha. Na alishika muzuri. Siku moja moja ananipa sentensi mbili, tatu. Ninazipokea kama chakula, sidai ingine.

Ninamushukuru Mungu. Ninabashukuru bale bijana wawili na moto yabo mubovu. Ninamushukuru mama mumoja wa hapa, yeye anajijua, mwenye alilinda nafasi yangu ku soko wiki zote zile, alifukuza kila mutu mwenye alitaka kuikalia, na siku nilirudi hakuniuliza kitu, alinisogezea tu kiti. Na ninyi, juu hamukuchoka kupiga hodi kwa mutu mwenye anajifichaka nyuma ya rideau. Aksanti sana, wasingya kutsibu.

Neno yangu kwenu ni moja. Mutu yako akirudi na aibu yake, akitaka kukueleza, acha sombe iungue. Hakuombe jibu. Hata kama hauelewe kitu, kaa chini umusikie, juu siku atazoea kunyamaza, hata ukimuomba hataweza tena.

Présidente, munisamehe, chai sitangoja. Leo tuko na match, saa tisa. Mwenye anataka kuenda na mimi avae bottes, kule kuko matope sana.