Kete ya Chuma

Benchi ni langu. Nasema mapema, maana hapa kila mtu ana la kusema na mwenye benchi wanamsahau. Nauza kahawa kwenye kona, kati ya kinyozi na duka la vipuri, na ubao wangu wa drafti una visoda ishirini na tatu na nati moja. Kisoda kimoja kilipotea, nikaokota nati, ikawa kete. Ni nzito, upepo hauiwezi, na tangu niipate sijafungwa hata mara moja. Hapa tuna utaratibu wetu: gari likiumwa, mwenyewe analipitisha mbele ya benchi polepole, sisi tunasikiliza, kisha tunatoa hukumu. Asubuhi hiyo alipitisha Karani, yule wa ofisi ya maji. Ko. Ko-ko. Ko. Akarudi kinyumenyume, akatoa kichwa dirishani.

— Haya, semeni. Saa sita namchukua mama hospitali. Kawekewa nyonga mpya, daktari kasema asitikiswe hata kidogo. Na hili gari tangu Jumapili linagonga, usukani unanitetemekea mikononi.

— Lipitishe tena, — alisema Sikio. Huyu ni fundi redio, na hufumba macho akisikiliza gari.

Likapita tena. Ko-ko. Sikio akafumbua.

— Tairodi. Ile fimbo inayovuta tairi ukikata kona. Imechoka kabisa.

— Ulisema hivyohivyo kuhusu shokapu.

— Na shokapu ilikuwa mbovu!

— Ilikuwa mbovu, sikatai. Lakini gari lilikuwa linadunda tu, halikugonga. Kugonga kumeanza Jumapili mlipolishika ninyi, hapahapa mbele ya benchi.

— Tulipolishika ndipo lilipoanza kusema ukweli, — aliingilia Jenerali. Jenerali aliendesha malori miaka thelathini na hakuwahi kufungua boneti, maana alikuwa na utingo. — Tumekufungia shokapu mpya kushoto, sivyo? Basi kulia kumeona wivu. Kunasukuma. Ndiyo hizo kelele.

— Wivu, Jenerali?

— Gari lina pande mbili kama nyumba yenye wake wawili. Ukimnunulia mmoja kitenge, huyo mwingine atagonga sufuria.

Nami siwezi kukaa kimya kwenye benchi langu mwenyewe.

— Ninyi wote mnakosea, — nikasema. — Ni barabara. Hii barabara imelala kushoto, na gari lako limepita hapa miaka tisa, limejifunza kulala. Shokapu mpya inalisimamisha, lenyewe linakataa. Lipitishe ukielekea kule, utaona kelele inahama.

Hakuna aliyecheka. Sikio hata akaitikia kwa kichwa, nikajimiminia kikombe kwa furaha.

— Chasisi, — Jenerali akarudi kwa nguvu mpya. — Ilipinda kiwandani. Yule aliyeiunganisha alikuwa na usingizi. Niliona siku ileile ulipolinunua.

— Miaka tisa hukuniambia?

— Nina heshima zangu mimi.

Karani alitazama saa yake. Ndipo dada yake akatokea, yule fundi cherehani wa nyuma ya kinyozi, tepu bado shingoni.

— Kaka, hujaenda tu? Mama kapiga simu. Kashavaa, kakaa kitandani na kifurushi chake mapajani.

— Wataalamu wanaangalia gari.

Alitutazama watatu tulivyokaa.

— Wanaangalia kutoka hapo?

— Dada yangu, — Sikio akasema kwa upole, — gari haliangaliwi. Linasikilizwa.

Jicho la dada mtu limezoea kutafuta kifungo kilichopotea, na lilishatua kwenye ubao. Akainama, akachukua kete yangu ya chuma.

— Na hii imetoka wapi?

— Rudisha bwana, nimebakiza hatua mbili nimfunge Jenerali!

— Nauliza imetoka wapi.

— Niliiokota hapo, nikifagia. Jumapili jion...

Nikageuka kulitazama gurudumu la mbele la gari la Karani.

Karani alishuka, akabandua kifuniko cha gurudumu la mbele kushoto. Matundu matano, nati nne. Akagusa moja kwa kidole, ikazunguka. Akagusa ya pili, nayo ikazunguka.

— Nani alikaza? — aliuliza, na hakupaza sauti.

— Mimi nilimwachia Jenerali, — alisema Sikio.

— Mimi nilimwachia mwenye kahawa.

— Mimi nilikwenda kuchemsha maji, — nikasema.

— Jana nimebeba wanangu humu, — alisema Karani. — Wote watatu.

Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nioe. Nikamwambia: nimekosa, ndugu yangu, nisamehe. Nikaomba spana duka la vipuri, nikapiga magoti mwenyewe na aproni yangu nyeupe. Dada mtu akasimama juu yangu, akihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano. Akanirudisha mwanzo, nikakaza zote tena. Kisha akanizungusha magurudumu mengine matatu, nati moja moja.

Gari likapita mbele ya benchi. Kimya. Sikio akafumba macho.

— Mnasikia? — alisema. — Shokapu imeshazoea.

— Na barabara nayo, — nikamalizia. Mtu hawezi kuacha tabia kwa siku moja.

Saa saba gari likarudi, likasimama mbele yetu. Mama yao alikuwa kiti cha nyuma, mto chini ya nyonga, kifurushi mapajani, anatabasamu.

— Wanangu, hata chai isingemwagika humu ndani, — alisema. — Nilikuwa naogopa safari hii kuliko kisu cha daktari. Naambiwa gari limetengenezwa hapa kwenu. Fundi ni nani, nimpe mkono?

Mkono wake ulikuwa umeshatoka dirishani. Sikio alimtazama Jenerali. Jenerali alitazama viatu vyake. Dada mtu, kiti cha mbele, alinitazama mimi.

Nikainua birika nimmiminie mtu yeyote. Lilikuwa tupu.